Diski Iliyoitwa Kihara

Mama alilazwa hospitali Nakuru, nikakaa naye siku tisa, na siku ya kumi nilirudi kazini Molo nikiwa na usingizi wa siku zote hizo machoni. Sitaki kuufanya kisingizio. Nautaja kwa sababu ulikuwepo, kama ukungu ulivyokuwepo asubuhi ile, na kama vidole vyangu vilivyokuwa vimekufa ganzi kwa baridi juu ya kibodi.

Ninafanya kazi katika ofisi ya mifugo ya chama chetu cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Chumba chenyewe kiko nyuma ya mahali pa kupokelea maziwa, kwa hivyo tangu alfajiri tunasikia mikebe ikigongana na Kosgei, karani wa mizani, akiwatania akina mama. Humo ndani tuko wawili tu: mimi Cheptoo, niliyesomea kompyuta chuoni, na Mzee Muiruri, ambaye hakusomea chochote isipokuwa ng'ombe.

Kwa miaka kumi na tisa Mzee Muiruri alikuwa akizunguka mashamba ya wanachama, kwanza kwa baiskeli, halafu kwa pikipiki, halafu kwa miguu baada ya magoti kuikataa pikipiki. Kila ndama jike alipozaliwa, alikwenda. Alimpiga picha mbili, ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia, kwa kuwa mabaka ya ng'ombe hayafanani hata kwa mapacha. Zamani alikuwa akijaza kadi za karatasi, lakini zilioza mwaka paa la stoo lilipovuja. Tangu hapo alianza kuiweka rekodi yote ndani ya jina la picha: jina la ng'ombe, la mwenyewe, la mama yake ng'ombe, la fahali aliyemzaa, na mwaka. Jina moja la picha lilikuwa refu kuliko barua. Nilishawahi kumwambia, kwa sauti yangu hii ndogo, kwamba habari kama hizo zingefaa ziwe kwenye jedwali.

"Jedwali ni lako wewe wa chuo," alinijibu. "Mimi nikiona jina naona ng'ombe."

Si kazi ya mapambo. Mbegu tunazopandishia zinatoka kwa fahali wanane tu, na ndizo zinazozunguka pande zote hizi. Usipojua baba wa mtamba, utampandisha kwa mbegu ya baba yake mwenyewe, na utakayepata ni ndama dhaifu, au usipate ndama kabisa. Ng'ombe elfu tatu na mia moja walikuwa ndani ya kompyuta ile, picha elfu sita na mia mbili. Mwisho wa mwezi Mzee alikuwa anastaafu, na alikuwa akitaka jambo moja: aziache nzima.

Asubuhi hiyo nilimkuta ameketi na kofia yake ya sufi kichwani, kompyuta imezimwa, chai imepoa mbele yake.

"Mama anaendeleaje?" aliuliza.

"Anakula kidogo sasa. Wamesema wiki hii atatoka."

"Tunashukuru Mungu." Alisukuma kikombe kando. "Hapa Kihara alikufa Jumatano."

Ilinichukua muda kukumbuka kwamba anazungumzia diski.

Kompyuta yetu haitumii mfumo ule wa kawaida wa madukani. Nilipoajiriwa nilikuta virusi vimeshaila mara mbili, nikaiwekea Linux. Mfumo wenyewe unakaa kwenye kipande kidogo kilichobanwa kwenye ubao wa ndani. Picha zilikaa kwenye diski mbili kubwa, moja ya kazi na moja ya nakala, na kila Ijumaa nilinakili kutoka ya kazi kwenda ya nakala. Mashine ina namna yake ya kuziita. Diski ya kwanza inayoiona ni sda, ya pili ni sdb, na zikiongezeka inaendelea hivyo hivyo na herufi. Halafu diski yenyewe hukatwa vipande, kama shamba la mzungu lilivyokatwa ploti, na kila ploti hupewa namba: sda1, sda2. Nilimweleza Mzee hivyo siku ya kwanza na akaelewa upesi, maana huku kwetu watu bado wanaulizana farm ya nani, ploti namba ngapi. Lakini sda hakuipenda. Alisema hilo ni jina la dawa ya kupe. Akakata stika mbili, akaandika Kihara kwenye diski ya kwanza, jina la baba yake, na Gachanja kwenye ya pili, jina la baba ya mkewe. Ndivyo wanavyowaita watoto wa kiume kwao, kwa zamu. Kwenye daftari la ofisi aliandika kwa kalamu nyekundu: Kihara = sda, nakala. Gachanja = sdb, kazi.

Nilicheka. Nilidhani ni jambo zuri.

"Alikufa vipi?" niliuliza.

"Alianza kukwaruza, kwa kwa kwa, kama kuku anatafuta mahali pa kutaga. Nikazima mashine mara moja. Sijaiwasha tena, nilikungoja. Nimemtoa, nimeweka mwingine. Ni wa mtumba, lakini duka lile la Nakuru wamenipa wa aina ile ile, ukubwa ule ule."

"Umefanya vizuri, Mzee."

"Ni kumtayarisha tu. Na unakili leo, Cheptoo. Gachanja amebaki peke yake na mimi silali."

Niliwasha mashine. Nilifungua kifuniko cha ubavuni nikaona diski mbili, Kihara na Gachanja, stika zikiwa zimekaa wima. Nilifungua daftari nikaona wino mwekundu. Kihara, sda. Diski mpya ndiyo Kihara. Basi sda ndiyo ya kufutwa na kutayarishwa.

Niliandika amri ya kutayarisha ploti ya kwanza ya sda.

Mashine iliniuliza. Hilo nataka lieleweke, kwamba iliniuliza. Ilisema kwenye ploti hii kuna vitu tayari, na ikataja mahali vilipofunguliwa mara ya mwisho, na siku, halafu ikauliza kama iendelee. Nilisoma nusu ya kwanza ya swali. Niliwaza: ni diski ya mtumba, lazima itakuwa na takataka za mwenyewe wa kwanza. Nikajibu ndiyo.

Kazi ilikwisha kabla sijamaliza kupiga mwayo.

Mama Jebet aliingia wakati huo, gambuti zake zimejaa matope. Ana ng'ombe watano upande wa juu wa barabara na ni mtu anayeanza kuzungumza akiwa bado mlangoni.

"Hamjambo nyinyi wa ofisi? Mzee, nina haraka. Yule mtamba wangu Tausi amekuwa na joto tangu jana jioni, na mtu wa kupandisha yuko njiani, amesema atafika saa sita. Anataka kujua baba ya Tausi ni nani ndio asilete mbegu ya nyumbani."

"Keti, Mama Jebet," Mzee alisema. "Cheptoo atakuangalilia."

Kosgei alichungulia kutoka upande wa mizani. "Mama Jebet, hata wewe ulichunguzwa baba kabla ya kuolewa?"

"Nilichunguzwa. Ndio maana sikuolewa na watu wa kwenu."

Mzee alicheka kwa pua. Mimi nilifungua folda ya ng'ombe, na folda ilikuwa tupu.

Sikushtuka mara moja. Nilifikiri ploti haijafunguka, jambo hilo hutokea. Nikaiambia mashine ifungue sdb1, mahali pa kazi pa siku zote. Ikanijibu kwamba hakuna kitu kama hicho. Ndipo nikaiomba iniorodheshee diski zote, amri ya sekunde moja ambayo ningeitoa mwanzoni kabisa kama ningekuwa mtu aliyelala. Ilinionyesha sda, yenye ploti moja, safi, iliyotayarishwa dakika tano zilizopita. Halafu ikanionyesha sdb, ambayo haikuwa na ploti hata moja. Diski ambayo haijawahi kukatwa. Diski kutoka dukani.

Niliziorodhesha tena, na jibu lilikuwa lile lile.

"Umempata?" Mama Jebet aliuliza.

Mimi ni mtu ambaye hata kumwomba kondakta chenji hunichukua vituo viwili.

"Mashine inasumbua," nilisema.

Mzee alinitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini hakuniuliza mbele ya mgeni. Alimgeukia Mama Jebet.

"Tausi ni wa mwaka wa juzi ule, sio? Mama yake ni yule mweusi mwenye ulimi mrefu."

"Huyo huyo."

Alifumba macho. Tulingoja. Nje mkebe ulianguka na mtu akalaani taratibu. "Ni Shujaa au ni Simba," Mzee alisema mwishowe. "Mama yake alipandishwa mara mbili. Moja ilikuwa Shujaa, moja Simba, na sikumbuki ni gani iliyoshika."

"Si umwambie tu asilete hao wawili?"

"Na kama mama yake alitoka kwa mmoja wa hao wengine? Hilo pia lilikuwa kwenye jina." Alivua kofia akaikunja. "Ningekuwa na uhakika ningekwambia. Mwambie arudi. Subiri joto lingine."

"Siku ishirini na moja, Mzee."

"Ishirini na moja. Pole."

Mama Jebet alinitazama, akamtazama yeye, akaondoka bila kuaga. Kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa neno kubwa.

Nilimwambia Mzee baada ya mlango kufungwa. Nilimwambia nikiangalia kibodi. Nilisema nimefuta diski ya kazi, nimemfuta Gachanja, na Kihara wa zamani amekufa, kwa hivyo hakuna nakala yoyote. Nilisema sijui ilivyotokea kwa sababu nilifuata daftari.

Alivuta daftari, akaweka kidole kwenye wino mwekundu.

"Lakini Kihara ndiye wa kwanza," alisema. "Nimeandika hapo."

"Huyu mpya umemchomeka wapi, Mzee?"

"Mwisho kule. Tundu la yule wa zamani lilikuwa limelegea."

Basi nikaelewa, na nikamweleza, pole pole, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Mashine haijui stika. Kila inapoamka inazihesabu diski upya, kuanzia tundu la kwanza, na inayotangulia kuonekana huwa sda. Kihara wa zamani alipotolewa, Gachanja akasogea mbele akawa wa kwanza. Yule mpya, huko mwisho, akawa wa pili. Mashine ilikuwa inamwita Gachanja sda, na sisi daftari letu lilikuwa linasema sda ni Kihara.

"Kwa nini ulimpa mpya jina la aliyekufa?" niliuliza, na mara nikajuta kuuliza.

Hakukasirika. "Kwetu mtoto akifa, anayezaliwa baada yake huchukua lile jina. Mimi mwenyewe nina Kihara wa pili, wa kwanza alikufa kwa surua akiwa na miezi minane. Huwezi kuacha jina la baba yako likikaa bila mtu." Aligeuza kofia mikononi. "Sikufikiri hata kidogo. Mkono ulibandua stika ukabandika. Na huyu aliyebaki, kwa nini asogee? Mtoto wa pili hawi wa kwanza ati kwa sababu ndugu yake amekufa."

"Kwa mashine anakuwa."

"Basi ni mashine isiyo na watu."

Kwetu sisi jina hutokana na vile mtoto alivyofika. Mimi ni Cheptoo kwa sababu siku niliyozaliwa nyumbani kulikuwa na wageni, na wageni hao walishaondoka zamani lakini jina limebaki. Hata kwetu hakuna anayeitwa upya kila asubuhi.

Meneja wetu, Madam Sue, alifika saa nne. Alikuwa ameshakutana na Mama Jebet barabarani. Aliingia na koti lake bado limefungwa vifungo, akasimama katikati ya chumba.

"Nimesikia rekodi hazipo."

"Ni mimi," Mzee alisema. "Nilihamisha stika."

"Si yeye, Madam," nilisema. "Ni mimi niliyefuta. Mashine iliniuliza nikakubali."

"Sijauliza nani." Madam Sue alionekana amechoka tangu kabla hajafika kwetu. Wiki hiyo mashine ya kupoza maziwa ilikuwa imeharibika na lita nyingi zilikuwa zimemwagwa. "Nimeuliza kama zinarudi."

"Huenda picha zikarudi," nilisema.

"Huenda."

"Nilichofuta ni kama kitabu cha majina cha diski. Picha zenyewe ziko pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kuna programu inayopita diski nzima, hatua kwa hatua, inatafuta kila kitu chenye umbo la picha na kukitoa."

"Basi fanya."

"Lakini majina hayatarudi, Madam. Picha zitarudi zikiwa na namba tu."

Niliona Mzee akiinua kichwa. Madam Sue hakuelewa mara moja uzito wake, au labda alielewa. Alisema, "Picha bila majina ni afadhali kuliko hakuna picha," akaenda kuangalia mashine yake ya kupoza.

Safari hii niliorodhesha diski mara tatu kabla ya kugusa kitu. Sikutumia tena herufi. Kila ploti inapotayarishwa huandikiwa ndani yake namba ndefu ya peke yake, tarakimu na herufi thelathini na mbili, na namba hiyo haibadiliki hata uichomeke tundu gani. Niliikata diski ya dukani ploti moja, nikaitayarisha, nikainakili namba yake daftarini na kuielekeza mashine iifungue kwa namba hiyo ili picha zitakazookolewa ziandikwe huko. Mzee alisoma juu ya bega langu.

"Hilo ni jina la mfungwa," alisema.

"Ndiyo. Lakini ni lake."

Programu ilifanya kazi siku hiyo yote na nusu ya siku iliyofuata. Hatukuwa na la kufanya. Mzee alikwenda kumsaidia Kosgei kwenye mizani, na kutoka dirishani niliona anakosea kusoma vipimo, Kosgei anamrekebisha bila utani. Mimi nilimpigia Mama hospitalini, nikamwambia kazini kuko sawa.

Picha zilizorudi zilikuwa elfu sita na arobaini na moja. Nilizifungua Mzee akiwa amekaa kando yangu. Ng'ombe mweusi na mweupe, f0348160. Ng'ombe mweusi na mweupe, f0351744. Ng'ombe mwekundu amegeuza kichwa, f0360192. Ukurasa baada ya ukurasa, wote wametulia, wote wakitutazama kama watu kwenye foleni ambao hawajaambiwa wanangoja nini.

Mzee alivaa miwani. Alisogea karibu na kioo, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Siwajui," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Cheptoo, siwajui hawa."

"Tuende pole pole, Mzee."

"Miaka kumi na tisa. Nilikuwa nasoma majina tu. Nilidhani nawajua ng'ombe, kumbe nilikuwa nasoma."

Nilikwenda kumletea chai, na niliporudi alikuwa bado kwenye picha ile ile. Nilipokuwa naweka kikombe nikaona kitu kidogo kwenye kona ya chini: kamera ilikuwa imehifadhi tarehe ndani ya picha yenyewe. Programu haikuweza kuokoa majina, lakini tarehe ilikuwa sehemu ya picha. Niliziagiza zote zijipange kwa tarehe.

"Hii ulipiga tarehe kumi na mbili Aprili," nilimwambia. "Mwaka ule wa kwanza wa kamera. Na hii siku hiyo hiyo, nusu saa baadaye."

"Aprili." Alifikiri. "Mvua ilikuwa imekata daraja. Nilipita juu, kwa Kipkemei." Aliweka kidole kwenye kioo, si kwa ng'ombe, nyuma yake. "Huo ni ua wa Kipkemei. Unaona misonobari miwili imeegemeana? Basi huyu ni wa Kipkemei. Na Kipkemei mwaka huo alikuwa na ndama mmoja tu, wa yule Malaika. Andika."

Niliandika. Jina lote, refu kuliko barua, na safari hii niliandika na kwenye jedwali pia, na jedwali nikalihifadhi mahali pawili. Hakunipinga.

Hivyo ndivyo tulivyofanya siku zote zilizobaki. Mzee hakuwa akitazama ng'ombe tena. Alikuwa akitazama ua, choo cha mabati, mlango wa buluu, mkono wa mtu aliyeshika kamba. Alijua shati la nani lina kiraka kwapani. Siku nyingine tulipata majina sabini, siku nyingine kumi na tano, kwa sababu alikuwa anakataa kukisia. Aliposema "huenda", niliondoa vidole kwenye kibodi bila kuambiwa. Wafugaji waliosikia walianza kupitia baada ya kupima maziwa, wakisimama nyuma yetu na mikebe mitupu, wakionyeshana.

"Huyo si wako, wako alikuwa na pembe."

"Pembe ni zako wewe."

"Mzee, huyo ni wa marehemu shangazi. Angalia, yuko hapo mwenyewe pembeni, ameshika ndoo."

Mjane mmoja alikaa nusu saa akiangalia picha moja ambayo ubavuni kulionekana kivuli cha mume wake, kivuli tu, na kofia. Hakutuambia jina la ng'ombe. Tulimwacha.

Mama Jebet naye alikuja. Tausi alipatikana, na kwa tarehe ya picha baba yake alikuwa Simba. Alisema, "Haya," akaondoka, safari hii akiaga.

Siku ya mwisho ya Mzee ilikuwa Ijumaa. Nilihesabu asubuhi: ng'ombe mia saba na themanini walikuwa na majina. Elfu mbili na zaidi hawakuwa nayo. Madam Sue aliandaa chai na keki kwenye ukumbi, akatoa hotuba fupi, akampa blanketi la heshima la wazee na saa ya ukutani. Mzee aliitwa aseme machache. Alisimama akashika kiti.

"Nilitaka kuwaachia kazi nzima," alisema. "Nawaachia nusu, hata nusu haijafika. Mnisamehe."

Kosgei alipiga makofi ndipo wengine wakafuata.

Alasiri alirudi ofisini ingawa hakuna aliyemwambia arudi. Alikaa kwenye kiti chake na blanketi magotini. Tuliendelea. Tulikuwa tumefika picha za miaka sita iliyopita, mwezi wa Agosti. Alinipa majina matatu, kisha akachelewa kunijibu, na nilipogeuka niliona amelala, kidevu kifuani, miwani imeteleza mpaka kwenye pua.

Sikumwamsha. Nilifungua picha iliyofuata. Ng'ombe mwenye uso mweupe, mguu mmoja wa nyuma mweusi mpaka kwenye kwato. Nyuma yake kulikuwa na tangi la maji la kijani lililopasuka juu, na ukuta wa mbao uliopakwa chokaa nusu. Nililijua tangi hilo. Tulikuwa tumeliona wiki iliyotangulia kwenye picha nyingine nne, zote za akina Jepleting wa huko karibu na reli. Kwa tarehe, alikuwa amepigwa picha siku ile ile na ndama wa jirani yao. Nilijua ni wa nyumba gani. Sikujua jina lake, na sikujua baba.

Nilichukua simu ya ofisi. Nilishika karatasi yenye nambari ya Jepleting mkononi kwa muda, kama ninavyofanya kila mara, nikitunga sentensi. Halafu nikapiga.

"Habari ya mchana, mama. Ni Cheptoo wa ofisi ya mifugo. Samahani nakusumbua. Miaka sita iliyopita mlikuwa na ndama mweupe usoni, mguu mmoja mweusi?"

"Wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kulia."

"Huyo ni Zawadi. Tulimuuza kwa mtu wa Longonot, mwaka wa tatu sasa. Mnamtafutia nini?"

"Tunamwandika tena. Baba yake unamkumbuka?"

"Ngoja nimuulize baba ya watoto." Nilisikia akiita, nikasikia mlango, nikasikia mbuzi. Alirudi. "Anasema ni Jemedari. Anasema ana hakika, kwa sababu mbegu zingine siku hiyo ziliisha."

"Mama yake?"

"Neema."

"Asante, mama. Asante sana."

Niliandika jina lote polepole ili kibodi isipige kelele, nikaliandika na kwenye jedwali, nikafungua picha iliyofuata. Huyo alikuwa amesimama kwenye ukungu mtupu, hakuna ua, hakuna mtu, hakuna chochote nyuma yake. Nilimtazama kwa muda. Nilimwacha na namba yake, nikaenda kwa anayefuata.